KLAVYE AO KISANJI? TUULIZE KWANZA BAHINDU



Mnajua wote shida iliyo kati yetu tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo. Harmoniumu ya kanisa la shule imekufa. Panya walikula ngozi ya mifuko yake ya hewa, na ukiikanyaga inapumua tu sawa mgonjwa, haiimbi. Kwaya ikaanza kuchanga makuta. Kila mwanakwaya alitoa, wazazi walisaidia, tena dada zetu waliuza vitumbua kila siku ya posho mbele ya mlango wa shule. Sasa makuta iko. Si mingi, lakini inatosha kununua klavye moja ya umeme ambayo mtu mwingine alikwisha kuitumia. Siku ya posho ijayo mkutano wa kwaya utakata shauri.

Hapo kuna neno lingine. Mule mu depo, chini ya ngazi, kuna ngoma mbili, malimba moja yenye vibuyu vilivyopasuka, na kisanji kimoja, kile ambacho wengine wanaita likembe. Viliachwa na wanafunzi wa zamani, na hakuna mtu kati yetu anayejua kuvipiga. Wakati wa mkutano uliopita, mwenzetu mmoja wa sauti ya tatu alisimama na kuuliza: «Makuta hii, hatuwezi kutengenezea vyombo vya babu?» Watu walicheka. Sisi pia tulicheka.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko watano. Watatu ni wa kwaya, wawili hawajui hata kuimba. Siku ile tulikuwa wote upande wa klavye. Leo hatuko tena wote upande ule, na tunataka kuwaelezea sababu.

Tulivyomkuta muzee wa Kihindu

Komite ya kwaya ilitutuma mjini kuuliza bei. Tuliingia duka moja la Bahindu. (Kwa vitabu wanaandika Wahindi, sisi mjini tunasema Bahindu, hata kama wengi wao ni Waislamu ao Wakristo.) Bei tuliambiwa, na ilikuwa kali. Lakini wakati kijana wa duka alikuwa anatafuta klavye nyingine ya bei ndogo, tulisikia muziki kutoka nyuma. Tukachungulia. Muzee mmoja, baba ya mwenye duka, alikuwa ameketi chini juu ya mkeka. Mbele yake kulikuwa sanduku. Mkono wa kushoto ulikuwa unafungua na kufunga ubao wa nyuma, mkono wa kuume ulikuwa unatembea juu ya meno ya kinanda, na mwenyewe alikuwa anaimba. Kando yake mjukuu wake alikuwa anapiga ngoma mbili ndogo kwa vidole.

Mmoja wetu akasema kwa sauti: «Eh! Ile si harmoniumu ya kanisa?»

Muzee akanyamaza, akatuangalia, akacheka. Alizaliwa huku kwetu, Kiswahili chake ni kama chetu. Akatujibu: «Njo yenyewe, bana bangu. Lakini hii tuliikata miguu, ikae chini pamoja na sisi.»

Tukaona haya kidogo, lakini alituita tuketi. Tulikaa pale zaidi ya saa moja, na bei ya klavye tukaisahau. Kiisha, kwa msaada wa mwalimu wetu wa historia, tulisoma zaidi. Wazee wa mji huu, wengine wanawakumbuka Bahindu kwa vita vya mwaka 1961, wakati askari wa India walikuwa hapa, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wengine wanawakumbuka kwa filme za sinema. Sisi vijana tunawajua kwa maduka. Juu ya muziki wao hatukujua kitu.

Habari ya harmoniumu iliyokatwa miguu

Harmoniumu si ya Bahindu. Ilitoka Ulaya. Mfaransa Alexandre Debain alipewa hati yake mjini Paris mwaka 1842. Wazungu na wamisionari waliipeleka India kwa merikebu, kama vile walivyoileta huku. Ilikuwa kubwa, na mpigaji aliketi juu ya kiti na kukanyaga kwa miguu.

Lakini muziki wa Bahindu unapigwa watu wakiketi chini. Kiti ni cha nini? Basi mwaka 1875, mjini Calcutta, fundi aliyeitwa Dwarkanath Ghose alitengeneza harmoniumu ndogo ya kupuliza kwa mkono. Mpigaji akaketi mkekani, akapuliza kwa mkono mmoja, akapiga kwa mkono mwingine, na mdomo wake ukabaki huru kuimba. Hapo chombo cha mgeni kikawa mtoto wa nyumba.

Tena hawakukipokea bila masharti. Masikio yao yaliona kasoro. Sauti ya mwimbaji wa Kihindu inateleza kutoka noti moja hadi nyingine kama maji juu ya jani. Harmoniumu haiwezi kuteleza. Meno yake yanaruka tu, hili na lile. Kwa sababu hiyo, mwaka 1940 radio ya serikali, All India Radio, ilikikataza chombo hicho katika vipindi vyake. Ni mwaka 1971 tu walipoanza kulegeza. Miaka zaidi ya 30! Sisi hatusemi walifanya vizuri ao vibaya. Tunasema tu: watu wale walijua masikio yao yanataka nini, na mgeni aliyeingia nyumbani aliulizwa maswali.

Na violini ni vile vile. Ilifika India ya kusini pamoja na Wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Baluswami Dikshitar wa Madras alijifunza kuipiga, kiisha akaiingiza katika muziki wa kwao. Leo mpigaji wa kusini anaketi chini, anakunja miguu, na kichwa cha violini anakilaza juu ya mguu wake. Mzungu akiona anashangaa. Lakini ni muziki wa India kabisa kabisa, na waimbaji wa kule hawapendi kuanza bila violini kando yao.

Kumbe sisi nasi tulifanya kama wao! Gitare si ya Katanga. Lakini Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, aliikamata kwa vidole viwili, kidole gumba na kile kinachofuata, na akaipigisha mambo ambayo walioitengeneza hawakuyawaza. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wimbo wake Masanga ukazunguka dunia. Mwenda alikufa mwaka 1990, lakini mpaka leo kuna watu wa Ulaya na Marekani wanaojifunza kwa shida vidole vyake vile viwili. Sisi tulisikiliza Masanga, halafu tukamsikiliza muzee mmoja anayepiga kisanji (habari zake zinakuja), na tuliwaza: vidole ni vile vile. Hayo ni mawazo yetu. Anayeona tofauti atuandikie.

Basi, hatuko na ubaya na klavye. Mtu asiseme kwamba tunakataa vya wageni. Tunauliza kitu kingine: tutaikata miguu, ao itatukata sisi?

Vyombo vyao na vyetu ni ndugu

Muzee wa duka alitueleza vyombo vya kwao kimoja kimoja. Tulifikiri tutasikia mambo ya mbali. Hapana. Kila alipoeleza kimoja, mmoja wetu alisema: «Lakini hii iko kwetu!»

Ya kwanza, tabla, ndizo zile ngoma mbili ndogo. Ya kuume ni ya mti, ya kushoto ni ya chuma ao udongo. Katikati ya ngozi kuna doa jeusi, ni uji uliopikwa na unga wa chuma, ukabandikwa na kukaushwa. Doa lile linafanya ngoma iwe na noti kamili, unaweza kuipatanisha na mwimbaji. Sasa, muulizeni mpigaji ngoma wa kwetu kwa nini anabandika ulimbo ao nta katikati ya ngozi, na kwa nini anaiotesha moto kabla ya kupiga. Atawajibu sawa na Muhindu.

Ya pili, namna ya kujifunza. Mtoto wa tabla hapigi kwanza. Anasema kwanza kwa mdomo. Kila pigo liko na jina lake: dha, dhin, na, tin. Kuna mwendo mmoja wa mapigo 16, unaitwa tintal, mtoto anausema kwa mdomo huku anahesabu kwa makofi, mpaka ulimi hauteleze, ndipo vidole vinapata ruhusa. Ngoma inasema, na mdomo unaijibu. Na kyondo ya Baluba, ule mti uliotobolewa tumbo, haisemi? Inasema sana! Kiluba ni lugha ya sauti za juu na za chini; kyondo iko na sauti ya juu na ya chini; basi mpigaji anatuma habari ya kilio ao ya mkutano, na watu wa kijiji kingine wanasikia maneno, si kelele. Babu zetu walikuwa na telefone ya mti. Sisi tuko na telefone ya mfukoni na kyondo hatuisikii tena.

Ya tatu ndiyo iliyotushangaza zaidi. Kuna chombo kinaitwa tanpura, kirefu, chenye tumbo la kibuyu ao la mti, na kwa kawaida nyuzi 4. Hakipigi wimbo. Kazi yake ni kushikilia sauti moja nyuma ya mwimbaji tangu mwanzo mpaka mwisho. Na mpigaji anaweka uzi mwembamba wa pamba chini ya nyuzi zile, pale zinapolalia ubao, kusudi ziungurume, zzzz, kama nyuki. Bila muungurumo ule wanasema sauti imekufa.

Hapo tulikumbuka kisanji cha depo. Juu yake kuna vipete vidogo vya chuma vinavyotetemeka, na tumboni kuna tundu ambalo fundi alifunika na utando wa buibui. Hata vibuyu vya malimba vina tundu kama lile. Sisi tulifikiri ni ubovu! Mwenzetu mmoja alitaka kuving'oa vile vipete, ati vinaharibu noti. Kumbe ni kwa kusudi. Ile zzzz ni chumvi ya mboga. Masikio yetu yalifundishwa na harmoniumu kwamba sauti nzuri ni sauti safi, na sauti yenye nyuki ni kelele. Bahindu walipokea harmoniumu, lakini tanpura hawakuing'oa nyuki wake.

Kwa nini vyao viko jukwaani na vyetu viko chini ya ngazi?

Wengine watasema: «Vyombo vya Bahindu ni vikubwa, ni vya akili, vyetu ni vya kijiji.» Si kweli. Angalieni shehnai. Ni filimbi ya mti yenye sauti kali, iliyokuwa inapigwa mlangoni pa arusi na pa hekalu. Bismillah Khan, aliyezaliwa 1916 na kufa 2006, aliishika maisha yake yote, akaitoa mlangoni na kuiingiza katika majumba ya muziki. India ilipopata uhuru mwaka 1947, shehnai yake ilisikika Delhi. Chombo hakikubadilika. Mtu ndiye aliyefanya kazi.

Na kazi yenyewe si mchezo. Ravi Shankar, yule mpiga sitari, alikuwa kijana anayetembea Ulaya na kikundi cha kaka yake cha wachezaji. Mwaka 1938 aliacha mambo hayo, akaenda Maihar, mji mdogo, kwa mwalimu Allauddin Khan, akakaa kama miaka 7 akijifunza kutwa. Miaka mingi kiisha, mwaka 1971, alipiga New York mbele ya watu maelfu. Walikuwa bado wanapatanisha nyuzi tu, na watu wakapiga makofi wakifikiri ni wimbo! Tulicheka sana hapo. Lakini tukawaza: wale watu wa New York hawakujua, walipiga makofi. Sisi hatukujua, tulicheka. Nani bora?

Tena kuna neno la serikali na makuta. Zamani wafalme wa India walilisha wapigaji katika nyumba zao. Wafalme walipokwisha, radio ikachukua nafasi. Mwaka 1952 All India Radio ilianza kipindi cha nchi nzima cha muziki wao wa zamani. Mwaka uleule, kumbukeni, Mwenda alirekodiwa hapa kwetu. Kule kulikuwa radio ya nchi inayotafuta wazee na kuwalipa. Huku alikuja mgeni na mashine yake, akarekodi, akaenda. Tunamshukuru mgeni; bila yeye sauti nyingi zingepotea. Lakini mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi hauwezi kutengenezwa na mashine.

Wale wanaosema ni vya mizimu

Tunajua neno hili litatoka katika mkutano, na wanaolisema si watu wabaya. Wamisionari wengi wa zamani walikataza ngoma kanisani, kwa sababu waliisikia kwenye pombe na kwenye mambo ya mizimu. Wazazi wetu wengine walibatizwa kwa masharti hayo. Hatuwezi kuwachekelea.

Lakini tunauliza kwa heshima. Tabla nayo ilipigwa mbele ya sanamu, tena katika nyumba za anasa. Na bado, Wakristo wa India wanaimba na tabla na ile harmoniumu ya chini. Narayan Vaman Tilak alikuwa mshairi wa lugha ya Kimarathi, akabatizwa mwaka 1895 katika misioni ya Waprotestanti, watu wa kanisa kama sisi. Aliona ndugu zake wanaimba tenzi zilizotafsiriwa, maneno yao yanavunjika kwa muziki wa kigeni. Basi akatunga nyimbo za Yesu kwa mwendo wa nyimbo za kwao. Alikufa mwaka 1919, na nyimbo zake zinaimbwa mpaka leo. Na Bismillah Khan tuliyemtaja alikuwa Mwislamu, akapiga shehnai miaka mingi kwenye hekalu la Wahindu mjini Banaras. Chombo hakina dini. Dini iko moyoni mwa anayekishika.

Wakatoliki wametutangulia, tukubali tu. Ile Missa Luba iliimbwa kule Kamina mwaka 1958, na padri Guido Haazen, bila harmoniumu, kwa ngoma na sauti za watu. Mwaka 1988 Roma iliwakubalia Wakatoliki wa nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, namna yao ya kusali misa. Hata huko pwani ya Mombasa, Juma Bhalo, aliyekufa mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa harmoniumu na tabla za Kihindi, na watu wa pwani hawakupotea kuwa Bahindu. Na someni tena Zaburi ya 150: vyombo vinahesabiwa pale kimoja kimoja, vya kupuliza, vya nyuzi na vya kupiga. Hatukuona mahali ngoma imeondolewa.

Tuungame makosa yetu

Sasa tuseme neno ambalo ni gumu. Katika komini ya Kenya kuna muzee mmoja, zamani mfanyakazi wa migodi, anayejua kupiga kisanji na kutengeneza malimba. Miaka miwili iliyopita alikuja hapa shuleni mwenyewe, kwa miguu, akataka kufundisha watoto bila malipo. Tulimpa darasa tupu siku ya posho. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi 11. Siku ya pili 4. Siku ya tatu alikuta mmoja, naye alikuja kwa sababu ya mvua. Wengine walimwigiza namna anavyotingisha kichwa. Wawili kati yetu sisi tunaoandika tulikuwa kati ya wale waliomwigiza. Hakurudi.

Kiisha safari ile ya duka tulikwenda kumtafuta. Tulimkuta ndani ya lopango yake, ameketi juani, anakohoa. Tukaomba radhi. Alitutazama muda mrefu, halafu akasema: «Bana bangu, mi sina asira. Lakini mujue, hii kitu haiko mu mti, haiko mu chuma. Iko mu vidole. Na vidole vyangu vinazeeka.»

Tukamwuliza kama angekubali kurudi. Akajibu: «Mukuwe wengi kupita mvua.»

Ndugu zetu, klavye inaweza kungoja dukani mwaka mzima, hata miaka mitatu. Zitatoka zingine nzuri zaidi na bei itashuka. Vidole vya muzee haviko dukani.

Tunaomba nini?

Dada yetu kiongozi wa soprano alituambia, wakati tulimsomea maneno haya: «Ninyi munaandika vizuri, lakini sisi tunapotea sauti mbele ya watu.» Iko na haki. Katika mashindano ya makwaya mwaka jana tulianza wimbo juu sana, na tulimaliza kwa aibu. Kwaya inahitaji chombo cha kushikilia sauti. Hatusemi uongo juu ya hilo. Klavye inajua kazi hiyo, tena inaijua vizuri. Lakini kumbukeni tanpura: kushikilia sauti moja ni kazi ambayo chombo kidogo kinaweza. Malimba iliyotengenezwa vizuri inaweza kutoa noti ya kuanzia, na itangoja umeme wa nani? Mnajua wenyewe umeme wa shule yetu.

Wengine wanatuambia klavye iko na sauti zote ndani, hata ya malimba, unabonyeza tu. Tuliijaribu dukani. Ile malimba ya ndani ya klavye inalia kwa noti za piano, safi, bila nyuki hata mmoja. Fundi wa kisanji anasukuma na kuvuta ulimi wa chuma, kidogo kidogo, mpaka sikio lake liseme ndiyo, na sikio lile halikutoka kiwandani.

Basi, kwa heshima kwa Mheshimiwa Direkta, kwa Pasta wetu na kwa komite, tunaleta shauri hili mbele ya mkutano:

Kwanza, makuta igawanywe. Sehemu moja itengeneze malimba na ngozi za ngoma mbili, na imlipe muzee nauli na kitu kidogo kwa kila siku ya posho, mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Safari hii asifundishe bure. Kitu cha bure tulikwisha kukionyesha namna tunavyokiheshimu.

Pili, sehemu inayobaki iwekwe kwa klavye, na kuchanga kuendelee. Ikifika mwaka kesho, tuinunue kwa furaha.

Tatu, wanafunzi 10 waandike majina yao na kuahidi mbele ya kwaya kwamba hawataacha kabla ya miezi mitatu. Sisi watano tumekwisha kuandika yetu, hata wale wawili wasiojua kuimba. Tunatafuta watano wengine.

Nne, siku klavye itakapoingia, isiingie kama bwana. Iketi pamoja na malimba, wapatanishwe, na pale haipatani, yenyewe inyamaze kidogo.

Labda mkutano utatukataa. Wengi wanataka klavye, na kwa hesabu ya mikono sisi tuko wachache. Tukishindwa, tutachanga na tutaimba na klavye bila kununa. Lakini hata hivyo, sisi watano tutakwenda Kenya kila siku ya posho kiisha saa sita. Kisanji cha depo tumekiomba kwa Direkta, naye amekubali tukichukue, vipete vyake vyote vikiwamo.

Anayetaka kuja, aje. Mvua ao jua.

Tunangoja majibu yenu katika toleo lijalo, hata ya wale watakaotugombeza. Bwana awe nanyi wote.

Wanafunzi watano wa ukurasa wa Mawazo